Uzi wa waliopita JKT na mgambo: tufafanulieni raia hizi kwata, chenja na "afande"

Dada wa Buhongwa
Mwangaluka wakuu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, jina limetoka, anakwenda JKT kwa mujibu wa sheria. Tangu jana nyumbani ni "hanga", "fatiki", "kota gadi", maneno kayaokota kwa wenzake na maana hajui. Mimi gwaride naliona siku za sherehe tu pale CCM Kirumba, nimekaa jukwaani na karanga zangu. Waliopita jeshini, mgamboni, hata skauti, tupeane uzoefu. Ila msinitishie mtoto.

Mjita Asiyelala
Dada, tuanze na maneno. Wewe ni raia na unakoishi ni uraiani. Akirudi utasikia anavyolitamka hilo neno, usikasirike. Akifika kambini yeye ni kuruta, na kila aliyemtangulia ni afande, awe mwanamume awe mwanamke. Bweni ni hanga, kundi lake ni kombania. Fatiki ni kazi za mikono: kufyeka, kuchota maji, kubeba kuni, kulima. Kota gadi ni pale getini kwa walinzi, na ndipo wakorofi wanapowekwa, kwa hiyo ukiambiwa fulani kalala kota gadi usidhani alikuwa na safari.

Vijana wa kundi lake wataitwa mujibu. Wale wa kujitolea huwa wanawadharau kidogo, utani wa kawaida. Halafu kila mkupuo una jina la operesheni, na hilo ni la kudumu. Watu wenye mvi wakikutana bado wanaulizana "wewe operesheni gani?" kabla ya kuulizana kwao wapi.

Babu Kombania (Igoma)
Nilipita mwishoni mwa miaka ya 80, kabla JKT ya lazima haijasitishwa 1994. Ilirudi 2013 na vijana wa siku hizi wanakaa miezi 3. Sisi tulikula mwaka. Sisemi kitu.

Raia wengi wanadhani kwata ni kutupa miguu. Kwata ni masikio. Amri ina vipande viwili: cha kwanza kinakuandaa, cha pili ndicho unachokifanyia kazi. "Nyumaaa..." hapo hakuna kutikisika, unasubiri. "...geuka!" ndipo unageuka. Anayegeuka kwenye "nyuma" anajikuta anatazamana na kombania nzima, na kichurachura kinamsubiri. "Mbele tembea" ni mguu wa kushoto daima, visigino vya wote vigonge kwa pamoja. Afande mzuri anakupa mgongo na bado anajua mstari wa pili kuna mtu kachelewa.

Kuna wale ambao mkono wa kulia na mguu wa kulia vinatoka pamoja. Kila kambi anao. Ukimkaripia ndiyo anazidi, kwa sababu anafikiria miguu. Wetu afande alimpeleka pembeni wakawa wanatembea wanapiga soga za mpira, mikono ikajipanga yenyewe.

Na hili la kuzimia uwanjani, dada: si lazima mtu awe mgonjwa. Ukisimama mguu sawa muda mrefu umekaza magoti, damu inakaa miguuni, kichwani inapungua, unakwenda chini kama gunia. Dawa yake ni kulegeza magoti kidogo sana na kuchezesha vidole ndani ya buti. Jukwaani hakuna anayeona.

Mtindo wenyewe tuliurithi kwa Waingereza kupitia KAR (King's African Rifles), jeshi lao la kikoloni, na baadaye Tanganyika Rifles. Jeshi lile lilivunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, JWTZ likazaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Askari wakawa wapya, ukoplo na usajini ukabaki, na mwendo wa pole na wa haraka pia.

Nyamagana Finest
Shikamoo babu. Sasa lile gwaride la kimyakimya la siku ya Uhuru, bila amri, wanajuaje?

Babu Kombania (Igoma)
Marahaba. Wanahesabu hatua moyoni. Wamerudia mpaka hesabu imehamia miguuni.

Binti wa Ukerewe
Mimi ni mujibu, nimerudi si zamani. Mwambie asiogope mchakamchaka, aogope kutojua kuitikia. Alfajiri bado giza mnakimbia, mmoja anatoa chenja, yaani wimbo wa kukimbilia, wengine mnapokea, na kiitikio kinaangukia mguu wa kushoto. Nilidhani ni burudani. Siku nimetumwa kukimbia pembeni karibu na afande ndiyo nikaelewa: anasikiliza pumzi. Sehemu ya mstari ikinyamaza anajua hapo kuna watu wameisha, anapunguza mwendo au anaongeza, inategemea kaamkaje.

Mtoa chenja mzuri ni mfalme. Kwetu alikuwa kijana wa Misungwi aliyezoea kulima kwa nyimbo na wenzake. Akianza yeye, hata kilima hukioni. Alikuwa anawaingiza wapishi kwenye mistari, maharage yenye mawe yanaimbwa na mpishi yupo anasikia, na hakuna wa kumshitaki maana ni chenja.

Mzee wa Capri Point
Hizo mchakamchaka sisi tulikimbia shuleni, za kumzodoa Idi Amin. Na Mwanza tulikuwa na sababu. Tarehe 29 Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya kivita ya Libya iliyokuwa ikimsaidia Amin, Tu-22, ilikuja kulenga matangi ya mafuta hapa mjini. Ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, wakafa swala. Ukipanda boti leo kwenda kuangalia wanyama, ujue.

Boda Kamanga
Kuna moja la raia wote. Saa 12 jioni ukipita karibu na kituo cha polisi ukasikia filimbi, simama. Bendera inashushwa. Zima pikipiki, tulia, filimbi ya pili endelea. Nina mwenzangu alipita huku anapiga honi, akaitwa ndani akaelezwa uzalendo mpaka abiria akatafuta boda nyingine.

Mitumba Mlango Mmoja
Na mabakamabaka msivae jamani. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku 7 watu wasalimishe sare na mavazi yanayofanana nazo. Mimi belo likifunguka nikaona rangi hiyo, hata liwe koti zuri kiasi gani, halipandi kwenye henga.

Nyamagana Finest
Swali la mwisho. Kikosi kikipita Daraja la Kigongo-Busisi kinapiga kwata?

Babu Kombania (Igoma)
Hapana, darajani askari wanavunja hatua, kila mtu anatembea kivyake. Mwaka 1831 huko Uingereza daraja la kuning'inia la Broughton lilianguka askari wakilivuka kwa hatua moja, na tangu hapo ikawa amri. La kwetu ni zege, lina kama kilometa 3, halitikisiki kwa buti. Ila mazoea ni mazoea. Halafu kwata kilometa 3, nani anataka?

Dada wa Buhongwa
Nimecheka na nimejifunza. Amesoma yote, sasa anauliza saluti anampigia nani, asije akampigia mpishi.

Mjita Asiyelala
Saluti ni kwa maofisa, kuanzia Luteni Usu kwenda juu, na uwe na kofia kichwani. Kama huna kofia unakakamaa tu, mguu sawa. Koplo na sajini hawapigiwi, lakini awaogope zaidi, ndio atakaolala nao na kuamka nao.

Na aangalie bukta aliyonunua. Wanataka bluu iliyokolea, ya mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini. Kama ina zipu airudishe dukani leo, kesho Jumapili watafunga.