Wakuu, niuze semi ninunue lori la haidrojeni?

mzigo_wa_mawese: Nipo Kigoma, Mwanga. Nina semi moja, napeleka mawese na dagaa Dar, narudi na saruji. Dizeli inanimaliza. Kuna jamaa analeta malori ya haidrojeni: gesi inageuzwa umeme humo humo ndani ya gari, nyuma linatoa maji tu. Nithubutu? Usingizi sina.

Mzee wa Uvinza: Mwaka 1998 nilikwama Malagarasi siku nne na utingo wangu. Tulikula dagaa wa tajiri mpaka gunia likalegea. Nyie na lami yenu mnalia dizeli!

FundiPampu: Utajaza wapi? Yale ya Hyundai yaliyoanza kazi Uswisi 2020 yana mitungi saba, kama kilo 32 za gesi iliyoshindiliwa kwa presha ya baa 350. Yanakwenda kilomita 400 hivi. Toka Kigoma, gesi inakukatikia maeneo ya Tabora, na Dar hata hujaanza kuiota.

mzigo_wa_mawese: Jamaa atajenga kituo hapo hapo Tabora.

Dada K: Ameshakula shilingi ngapi? Usituzungushe.

mzigo_wa_mawese: Advansi tu.

Dada K: Ngapi?

mzigo_wa_mawese: Milioni 18. Kumi ni za kikoba, mke wangu ndiye mweka hazina. Hajui bado. Lakini risiti ninayo, na video nimeona, lori linakimbia kabisa! Wenye semi kumi ndio wanaweza kusubiri, siyo mimi.

FundiPampu: Video? Kampuni ya malori ya Nikola ya Marekani nayo ilitoa video, kumbe lori liliachiwa mteremkoni. Mwanzilishi alitiwa hatiani 2022, kampuni ikafilisika 2025. Yeye alikuja kusamehewa na rais. Wewe utasamehewa na nani, shemeji?

Mama Ujiji: Mwanangu, hela ya kikoba ina jasho la wajane. Kaseme leo, mgao usikukute kimya.

Kijiweni: Jamani, hii chai. Mwezi jana huyu huyu aliomba ushauri wa kufuga nguruwe Kasulu, akasema hajaoa.

mzigo_wa_mawese: Akaunti tunatumia wawili na mdogo wangu.

Kijiweni: Na tangawizi imo. Weka picha ya risiti.

mzigo_wa_mawese: Iko kwenye simu ya jamaa.

Dada K: 😂😂

Mzee wa Uvinza: Chai au siyo chai, hilo semi bei gani? Tairi za nyuma bado zina meno?