Perhat Tursun: tumtetee mwandishi ambaye hata watu wa kwao walimkataa?

Mwanzisha mada

Wadau, tuko watu watano tunaosoma pamoja, na kila mwaka tunachagua mwandishi mmoja wa lugha isiyosikika huku kwetu, tunajaribu kumleta kwenye Kiswahili. Mwaka huu nikampendekeza Perhat Tursun, mshairi na mwandishi wa riwaya wa Kiuighuri. Kikao kilivunjika kabla chai haijapoa. Mmoja alisema hatumtumikii mtu aliyeitukana dini. Mwingine akasema ugomvi huu ni wa Wachina na Wamarekani, sisi ni nyasi tu. Nimeona niulete hapa.

Kwa asiyemjua: alizaliwa Atush, Xinjiang, jimbo la magharibi mwa China wanakoishi Wauighuri, watu wenye asili ya Kiislamu, mwaka 1969. Akasoma Beijing miaka ya 80, kisha akawa mwajiriwa wa kituo cha sanaa cha serikali mjini Urumqi. Mwaka 1999 alitoa riwaya ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Sanaa ya Kujiua. (Sanaa kwa Kiuighuri ni sen'et. Wana kitab, qelem, waqit, dunya, na shairi ni shé'ir. Kiarabu kiliwapitia kama kilivyotupitia sisi Pwani, nao wanaandika kwa herufi hizohizo walizoandikia babu zetu.) Riwaya ile ikawasha moto. Watu wa kwao wakasema amekufuru, vitisho vya kuuawa vikaja, wachapishaji wakamkwepa kwa miaka mingi. Januari 2018, katika ile kamatakamata kubwa ya Wauighuri iliyofanywa na serikali ya China, akachukuliwa. Mwaka 2020 habari zikafika nje kwamba amefungwa miaka 16.

Hapo ndipo ninapokwama kuwaelewa wenzangu. Kampeni iliyojiita ya kupambana na misimamo mikali ya dini imemfunga mtu ambaye wenye misimamo mikali ndio waliotaka roho yake. Sasa sisi tusimame wapi?

Mgosi Asiyelala

Mkuu, mimi nasimama mbali. Wauighuri ni ndugu zangu katika imani, nawaombea kila Ijumaa, lakini huyo alichagua mwenyewe kuwakera. Kama ni mshairi wa Kiuighuri, yupo Abdurehim Ötkür, mzaliwa wa Qumul 1923, aliyefariki 1995. Shairi lake Iz, yaani nyayo, linazungumzia msafara jangwani: walioondoka wakiwa vijana, leo wajukuu wao wanapanda farasi, na upepo haujafuta walikopita. Riwaya yake ya 1985 ina jina hilohilo. Huyo ni mtu wa kumsomea mwanao kwa sauti. Tafsirini huyo, nami nitanunua nakala kumi za madrasa.

Reli ya Kati

Mnajitia kujua mambo ya watu. Oktoba 2022 kule Geneva, kwenye Baraza la Haki za Binadamu, ilipigwa kura ya kujadili tu ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu Xinjiang. Kujadili tu! 19 wakakataa, 17 wakakubali, 11 wakakaa kando. Kwa wanachama wa Afrika ni Somalia peke yake iliyokubali. Senegal ilikataa, na misikiti yake inajaa kuliko ya kwenu hapo. Hamjiulizi kwa nini? Leo riwaya, kesho mtaambiwa mkatae reli na barabara.

Mwanzisha mada

Reli, kura ile naijua, na wewe mwenyewe umenisaidia: kama Senegal ilikataa, basi dini haikuhesabiwa mezani pale. Serikali zinapiga kura kwa hesabu zake. Mimi sijaombwa kura, nauliza kama kitabu kisomwe.

Mgosi, Ötkür nampenda na hatujamfuta. Ila usidhani usafi ulimwokoa mtu. Yalqun Rozi, mhakiki wa fasihi, alihariri vitabu vya kiada vya Kiuighuri, vya mashairi na hadithi za kwao, vilivyopitishwa na serikali yenyewe na kusomwa madarasani tangu 2003. Kafungwa miaka 15. Sattar Sawut, aliyeongoza idara ya elimu, mwaka 2021 ilitangazwa kahukumiwa kifo, hukumu ikasitishwa kwa miaka miwili. Wale hawakumkufuru mtu. Walifundisha watoto kusoma.

Na niseme kilichonifanya nimtaje Perhat badala ya wengine. Riwaya yake nyingine, iliyotoka kwa Kiingereza 2022 kwa jina The Backstreets, chapa ya Columbia University Press, haina mahubiri wala bendera. Kijana kutoka kusini amepata kibarua katika ofisi ya serikali Urumqi. Hana pa kulala. Usiku mzima anatembea kwenye ukungu uliochanganyika na moshi wa mji, anatafuta chumba. Anauliza, watu wanamgeuzia kisogo. Bosi wake anatabasamu, na tabasamu lile linatisha kuliko matusi. Njiani anajishikiza kwenye namba, anazihesabu na kuzifasiri kama mtu anayesoma ramli, maana hakuna kingine kinachomjibu. Kisha anakutana na mtu anayelaani watu wa Miji Sita, yaani hao wa kusini, akirudia kitenzi kimoja: kata, kata, kata, kata. Kinarudiwa mpaka unaacha kukisoma, unakisikia tu kama mashine. Aliyewahi kuja mjini na mfuko wa rambo, akaambiwa chumba kimeshachukuliwa kumbe kiko wazi, huyo hahitaji maelezo kuhusu Xinjiang.

Bi Kitabu

Nilifundisha fasihi miaka mingi, niruhusuni nichokonoe pande zote mbili.

Mgosi, mwanangu, na sisi tuliwahi kuwa na huyo wetu. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, walikuwepo waliosema mashairi yasiyo na vina si mashairi na mwandishi anaiga Wazungu. Kichwamaji, ya mwaka huohuo, ilimwishia msomaji kwa mtu kujiua. Rosa Mistika ilikataliwa mashuleni. Leo ndivyo vitabu tunavyojivunia. Sisemi kila anayekera ni Kezilahabi. Nasema hasira ya wasomaji wa mwanzo si kipimo.

Lakini wewe Mwanzisha mada, neno "tumtetee" limenikera. Watu hawajui kumsoma mfungwa. Akishafungwa tu wanamvika kilemba cha shujaa, na yote aliyoandika ya kuudhi yanasahaulika kwa adabu. Hiyo nayo ni namna ya kumzika. Kama mnamtafsiri, tafsirini na ukaidi wake. Msimpunguzie makali ili Mgosi apate kumlilia.

Halafu mtamtoa wapi? Kwenye Kiingereza? Hiyo ni chai ya majani yaliyochemshwa mara mbili.

Mwanzisha mada

Nimekubali, mwalimu. "Tumtetee" naifuta, tuseme "tumsome".

Kuhusu Kiingereza sina la kujitetea, hatuna Kiuighuri. Ila jalada lenyewe lina habari yake. Mfasiri mmoja ni Darren Byler, Mmarekani. Wa pili ni kijana wa Kiuighuri, na mahali pa jina lake pameandikwa tu kwamba hatajwi. Alitoweka 2017. Alifanya kazi ile akiona maisha ya kwenye riwaya ni ya kwake. Nikikaa kutafsiri kutoka kwenye Kiingereza chao, nusu yake ni Kiingereza cha mtu huyo.

Reli ya Kati

Hilo sikulijua. Bado nasema mnachezewa, lakini hilo sikulijua.

Bi Kitabu

Jina mtaliitaje? Msiniambie Mitaa ya Nyuma. Hakuna Mswahili anayekaa mtaa wa nyuma.

Mwanzisha mada

Vichochoro. Hapo kikao kizima kilikubaliana, hata aliyesusa.

Mgosi Asiyelala

Msimamo wangu ni uleule: simpendi, na kile cha 1999 sikitaki nyumbani kwangu. Ila hicho kitenzi chenu mmekikosea. Kata ni ya kitunguu na ya nguo. Mwenye panga mkononi anayemwangalia mtu kwa chuki hasemi kata. Anasema tema. Tunatema mti, tunatema kuni, na mate tunatema. Andikeni tema, tema, tema, muone msomaji atasikia nini.