Feni aliitupa mwenyewe, leo imezunguka ananiita mwizi

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa hiyo mtanisamehe pale herufi zitakapopandiana. Jina la mhusika silitaji, na sioni haja ya kulitaja, kwa kuwa hapa Tandika kila mtu anamjua: ndiye ambaye ada ya taka hailipi mpaka agongewe geti mara saba, na ambaye akinunua mchicha wa shilingi mia tano hudai risiti.

Jumatatu iliyopita mhusika alitoa feni yake ya kusimama nje ya geti, akaiegemeza kwenye viroba vya taka, kisha akaimwagia maganda ya viazi na vichwa vya dagaa. Ninayajua maganda hayo vizuri, maana niliyachokonoa mimi mwenyewe, moja baada ya jingine, kutoka kwenye matundu ya mota. Gari la taka halikuja Jumatatu, halikuja Jumanne, na usiku wa Jumatano ikanyesha mvua ya kung'oa mabati. Alhamisi asubuhi feni ilikuwa imelala kifudifudi na kuku ameanza kuifanya kiota, nami nikaibeba begani, mchana kweupe, nikapita mbele ya baraza lake. Alikuwa anapiga mswaki. Alinitazama, akatema povu, akaendelea kupiga mswaki.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kuchekesha. Ukiiwasha inaguna bila kuzunguka, ukisukuma panga kwa kidole inajikokota kama mgonjwa aliyenyanyuliwa kitandani, yaani kapasita, kile kidude kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka, imekufa, na bushi zinazoshika shafti, ule mhimili wa panga, zimekauka. Kapasita nilinunua kwa shilingi 2,500, bushi nikazisafisha na kuzitia mafuta ya cherehani, shafti nikaipiga msasa kuondoa kutu ya mvua ya Jumatano, mvua ileile ambayo yeye aliiachia mali yake.

Leo saa nne asubuhi feni inazunguka kibandani, upepo unapeperusha hadi kalenda ya jirani, ndipo mhusika akatokea na kandambili mguu mmoja. Hakunisalimu. Alinyosha mkono, akaizima feni, akaanza kuviringisha waya kwenye kiwiko, akasema kwa sauti iliyofika Mbagala, "Kumbe mwizi wangu ni wewe!"

Alisema hivyo mbele ya mteja. Mteja huyo ni mama mmoja aliyefuata pasi yake, na pasi nilikuwa bado sijaifunga skrubu. Aliposikia neno mwizi aliinyakua mezani, akaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, akaondoka nayo huku bamba la chini likining'inia. Naweza kuisahau ile 2,500, na hata feni yenyewe naweza kuisahau, lakini pasi kukumbatiwa! Miaka 11 nimekaa katika kibanda hiki, simu za watu zimelala humu na picha zao zote, hakuna aliyewahi kupoteza hata kifuniko cha betri, halafu leo mama wa watu anakumbatia pasi isiyo na skrubu ili mimi nisiiibe.

Ikiwa kuokota kilichotupwa ni wizi, basi anayeokota chupa barabarani na anayechambua taka kule dampo la Pugu wote wangekuwa rumande, na yule kuku angekuwa mshitakiwa wa kwanza. Aliikumbatia, ndugu zangu. Kwa mikono miwili.

Mwana wa Mbagala: Pole sana, fundi. Mhusika namjua. Kijana aliyemfyekea majani alidaiwa ayarudishe majani hayo, baada ya kuonekana akimlishia ng'ombe.

Shangazi Asiyelala: Mimi nina swali moja tu. Mtu hakumbatii pasi kwa haraka namna hiyo bila kuwa na kumbukumbu. Blenda yangu ilikuja kwako na jagi la kioo ikarudi na jagi la plastiki, nami sikukuita mwizi, niliketi nyumbani nikamwachia Mungu.

Fundi (mleta uzi): Shangazi, jagi hilo ulilivunja wewe mwenyewe kwa kiwiko ulipokuwa unanionyesha mahali linapovuja, na la plastiki nilikupa bure. Lakini tusitoke kwenye jambo lenyewe, ambalo ni kwamba yule mama aliikumbatia pasi.

Karani Mstaafu: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 257, inahesabu kitu kisicho na uhai kuwa kinaweza kuibwa iwapo kinahamishika na ni mali ya mtu, na kifungu cha 258 kinataka mchukuaji awe amekichukua kwa hila na bila kudai haki yoyote. Kwa hiyo suala si maganda ya viazi, bali ni kama mwenyewe aliiacha feni moja kwa moja, ama aliiweka pale kwa ajili ya wenye gari la taka. Hata hivyo, mtu anayepita na feni begani mbele ya mwenyewe anayepiga mswaki, hila yake itabidi itafutwe kwa tochi. Kosa la fundi ni moja: hata salamu hakutoa, seuze kuomba.

Niko Munich: Msidhani ni kwenu tu. Huku Ujerumani wanafunzi wawili walichukua chakula kutoka kwenye pipa la taka la supamaketi, pipa lenyewe likiwa limefungwa, mjini Olching mwaka 2018. Walitiwa hatiani kwa wizi, wakaamriwa kufanya kazi ya jamii kwa saa 8, na mwaka 2020 Mahakama ya Katiba iliyakataa malalamiko yao dhidi ya hukumu hiyo. Mahakama ilikubali kwamba kitu kikiwa taka bado kinaweza kuwa mali ya mtu.

Mwana wa Mbagala: Mkuu, hapa tuna feni na maganda ya viazi, wewe umetuletea mapipa yenye kufuli. Huku kwetu hata pipa lenyewe likiachwa nje linaokotwa.

Mama Sufuria: Afadhali limetajwa. Mnaomtetea fundi hamjaguswa bado. Mimi niliinamisha sufuria langu la pilau ukutani likauke, nikaingia ndani kuchukua kitambaa, nikatoka nikakuta wanunuzi wa chuma chakavu wameshalipima kwenye mizani, wakaniambia eti walidhani limetupwa kwa sababu lina masizi. Sufuria la pilau lisiwe na masizi limepikiwa wapi?

Shangazi Asiyelala: Ulilipata?

Mama Sufuria: Nililinunua upya, kwa kilo.

Mfuga Mbuzi wa Yombo: Hilo lako lina nafuu. Jirani yangu humwaga maganda ya ndizi nje ya uzio kila jioni, mbuzi wangu hupita akala, na juzi nimeitwa kwa mjumbe kujibu shitaka kwamba maganda yale yalikuwa yamewekwa kwa ajili ya mbuzi wa shemeji yake ambaye hata hajanunuliwa.

Karani Mstaafu: Hapo kuna tofauti, kwa kuwa mbuzi hawezi kuwa na nia.

Mfuga Mbuzi wa Yombo: Wewe humjui mbuzi wangu.

Mama Sufuria: Mbuzi huyo ni mweupe mwenye sikio moja limekatika? Kama ndiye, naomba tuonane leo, kuna kanga yangu ya harusi.

Fundi (mleta uzi): Ndugu zangu, tulikuwa kwenye feni.

Mfuga Mbuzi wa Yombo: Sikio la kulia au la kushoto?