Majimoto kwenye mikorosho: niwaache au niwapulizie dawa?

Swali: Mikorosho yangu hapa Masasi imejaa majimoto, yaani sisimizi wa mitini wanaoshona viota vya majani, ambao huwauma sana vibarua wakati wa kupogolea. Je, wana faida yoyote?

Jibu la 1: Usiwapulizie dawa, ndugu yangu, kwa maana majimoto huwawinda mbu wa mikorosho na kunguni wa minazi, wadudu wanaofyonza machipukizi na korosho changa.

Jibu la 2: Naongeza kwamba sisimizi wa ardhini wenye vichwa vikubwa hupigana nao na kuwafukuza, kwa hiyo ukifunga kamba kati ya miti, majimoto watapita juu bila kushuka chini.

Muuliza swali: Nashukuru. Vibarua, ambao hawatafurahi, watajipaka majivu mikononi.