Mzee ana mapafu mabovu, mafua ya mjukuu yanamlaza wiki mbili

Mkorosho_TDH:
Wakuu habari za jioni, niko Tandahimba. Mzee wangu kavuta sigara miaka mingi na hospitali walishatuambia ana ugonjwa wa mapafu wa kudumu. Kila kusi ikianza na watu wanapuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, mashambani, mjukuu analeta mafua ya shule, sisi yanaisha siku tatu nne yeye anahema wiki mbili. Duka la dawa kila siku amoksilini na sioni tofauti. Tatizo nini?

Nesi_Shangani:
Pole sana kaka. Mafua ni virusi na amoksilini haiui virusi hata amalize kopo zima. Njia za hewa za mzee tayari ni nyembamba, kirusi kikiingia zinavimba zaidi, makohozi yanajaa, hewa inaingia ila kutoka ndo shida. Antibayotiki ni pale makohozi yakizidi na kugeuka njano au kijani, na hapo daktari ndo aamue. Pampu ya kuvuta dawa anayo?

Mkorosho_TDH:
Ya bluu anayo dada, ila akibonyeza naona kama moshi unamtoka mdomoni.

Nesi_Shangani:
Basi dawa inaishia mdomoni, kifuani haifiki. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, safi na kavu, kitako chake ukitoboe kwa waya wa moto tundu lilingane na mdomo wa pampu, pembeni ziba na plasta. Tikisa, bonyeza MARA MOJA, avute taratibu kwenye mdomo wa chupa mara nne tano, ndo ubonyeze tena.

Binti_Nachingwea:
Na mjukuu mwenye mafua asilale na babu yake jamani. Sisi mama tulimtoa kwenye moshi wa kuni na wa kubangulia korosho, ule unachoma koo balaa, akapata nafuu. Kikohozi kikipita wiki mbili apimwe na TB.

Mkorosho_TDH:
Asanteni. Sasa hivi anaongea neno moja anapumzika, kulala chali hataki. Nimpeleke asubuhi?

Nesi_Shangani:
Hapana kaka, sasa hivi! Tafuta gari, akae wima, njiani mpe pampu kwa chupa, beba dawa zake zote. Midomo ikiwa ya bluu au akianza kusinzia ovyo piga kelele mkifika mapokezi. Na waambie mapema ana ugonjwa wa mapafu wa kudumu, maana oksijeni ya watu hawa haifunguliwi tu, wanalenga oksijeni ya damu asilimia 88 mpaka 92 kwenye kile kipimo cha kidoleni.