Hiyo picha ya galaksi yetu nzima nani kaipiga?

Mtazamaji_Dodoma:
Wakuu habari za muda huu. Kuna kitu kinanisumbua naomba kueleweshwa. Kila nikitafuta hii galaksi yetu ya Njia ya Maziwa naletewa picha ya mzunguko mkubwa wenye mikono iliyojisokota, na kamshale pembeni kanaonyesha Jua lilipo. Sasa Voyager 1 ambacho ndio chombo kilichofika mbali kuliko vyote kimeondoka tangu 1977 na mpaka leo kipo umbali ambao nuru inatumia kama siku moja tu, wakati galaksi ina upana wa miaka ya nuru kama laki moja. Nani katoka nje akaipiga? Na kama ni mchoro, wamejuaje umbo?

kilimia:
Swali zuri sana hili mkuu. Hakuna aliyeipiga, zote unazoziona kwa juu vile ni michoro, ila imechorwa kwa vipimo.

Galaksi ni nyembamba kama chapati, upana laki moja lakini unene wa ile sehemu yenye nyota nyingi ni kama miaka ya nuru elfu moja hivi, na sisi tumo humo humo ndani, ndio maana usiku tunaona mkanda tu umepita angani. Mwanzoni watu walidhani Jua lipo katikati. Miaka ya 1910 Mmarekani Harlow Shapley akapima umbali wa vile vishada vya nyota vya mviringo, kila kimoja kina malaki ya nyota, akakuta vingi vimejazana upande mmoja, kwenye kundi la nyota linaloitwa Mshale. Akasema basi kitovu kipo kule na sisi tupo pembeni huku. Leo tunajua ni kama miaka ya nuru 26,000 kutoka hapa.

Mikono ilisumbua zaidi kwa sababu vumbi linaziba nuru, zile sehemu nyeusi unazoziona ndani ya mkanda ni vumbi hilo. Mawimbi ya redio yanapenya. 1951 wakanasa wimbi la redio linalotoka kwenye gesi ya haidrojeni, lenye urefu wa sentimita 21, na wataalamu wa Uholanzi na Australia wakaanza kuchora mikono kwa kufuata gesi inavyokwenda. Baadaye ikajulikana katikati nyota zimejipanga kama fito nene, na chombo cha Ulaya cha Gaia kilichorushwa 2013 kimepima nyota karibu bilioni mbili. Upande wa pili wa kitovu ndio bado wanabishana.

baharia77:
Na lile shimo jeusi la katikati nalo ni mchoro?

kilimia:
Hapana, lile lina picha yake, imetoka 2022, darubini za redio za sehemu mbalimbali duniani zimeunganishwa zikafanya kazi kama moja. Lina uzito wa Jua mara milioni nne. Kabla ya hapo wanaastronomia Andrea Ghez na Reinhard Genzel na timu zao walishafuatilia nyota zinazolizunguka, kuna moja inamaliza mzunguko kwa miaka 16 tu, na kazi hiyo ikawapa tuzo ya Nobel 2020.

SongeaUsiku:
Naongezea majirani, maana huku kwetu tuna bahati ya kuona kaskazini na kusini. Mwanzoni mwa Desemba saa tatu usiku, toka nje pasipo na taa, angalia kusini chini utaona mabaka mawili kama mawingu yasiyosogea na upepo. Hayo ni Mawingu ya Magellan, galaksi ndogo mbili, kubwa yake ipo miaka ya nuru 160,000 na ndogo kama 200,000. Geuka kaskazini, kuna doa hafifu la mviringo, hiyo Andromeda, milioni mbili na nusu. Galaksi tatu kwa macho matupu na ya nne umo ndani yake. Ulaya hayo Mawingu hawayaoni kabisa.

baharia77:
Si ndio hiyo Andromeda itakayotugonga?

SongeaUsiku:
Inatukaribia kweli, kama kilomita 110 kwa sekunde, lakini hesabu mpya za 2025 zinasema ndani ya miaka bilioni 10 ijayo kugongana ni nusu kwa nusu.

Mtazamaji_Dodoma:
Nimeelewa wakuu, asanteni sana. Dodoma mjini hayo Mawingu nitayaona?

SongeaUsiku:
Mjini taa zitakusumbua, toka nje ya mji kidogo, chagua usiku usio na mwezi, na macho yape dakika ishirini gizani bila kuwasha simu.