Deni la zamani la HELB linasoma CRB: nianzie wapi?

pwani_tulivu
Wadau, naomba mwongozo. Mkopo wa shahada ya kwanza kutoka HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu Kenya), deni la msingi 160,000, masomo yalikwisha 2014. Salio sasa limepita nusu milioni, na ripoti ya CRB (kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji) inaonyesha akaunti hiyo hailipwi. Sacco imegoma kunipa mkopo wa ploti mpaka jina lisafishwe. Nianze na HELB au CRB? Kuna mtu anadai kwa 6,000 atalitoa jina ndani ya siku mbili.

karani_wa_daftari
Huyo wa 6,000 achana naye kabisa, na namba ya kitambulisho usimpe. CRB haifuti kitu kwa kuombwa. Inapokea taarifa za aliyekopesha, na ni yeye anayepeleka marekebisho. Kwa hivyo anza na HELB.

Ila kabla hujatoa hata shilingi, pata karatasi mbili. Kwanza, taarifa kamili ya mkopo kutoka akaunti yako ya HELB, ile inayotenganisha deni la msingi, riba na faini. Salio peke yake halikuambii kitu. Pili, ripoti za CRB zote tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, maana huwezi kujua Sacco yako inasoma ipi. Kila mwaka una haki ya ripoti moja bila malipo kutoka kwa kila kampuni. Linganisha namba ya kitambulisho, kiasi cha awali, salio na siku za kuchelewa.

Ukiisoma hiyo taarifa utaona riba haina makuu. Asilimia 4 ya 160,000 ni 6,400 kwa mwaka. Kinachokumaliza ni faini: 5,000 kwa kila mwezi usiolipwa, yaani 60,000 kwa mwaka. Ikifika miezi 32, faini peke yake imeshalingana na deni lote la msingi. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuisimamisha. Pendekeza HELB kiasi unachokimudu kila mwezi, pata jibu la maandishi, halafu usiruke mwezi. Kutuma 1,000 leo na 3,000 baada ya miezi minne, bila makubaliano yoyote, ni kujaza maji kwenye pakacha.

sheria_kwa_ufupi
Naongeza hapo kwenye faini. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba kanuni inayozuia riba na faini kuzidi deni la msingi inaihusu HELB pia. Kwa 160,000, hoja yako ni kwamba jumla isivuke 320,000. Usidhani mfumo utajirekebisha wenyewe: andika barua, taja uamuzi huo, ambatisha taarifa ya mkopo na uombe hesabu ipigwe upya.

Vilevile HELB hutangaza msamaha wa sehemu ya faini mara kwa mara kwa wanaolipa kwa mkupuo. Ukiwa na fedha mkononi, uliza kama dirisha liko wazi kabla ya kulipa. Soma masharti: husamehewa faini, si deni la msingi wala riba. Ule mpango wa Benki Kuu wa Novemba 2022 wa kurekebisha rekodi za CRB ulihusu mikopo midogo ya simu ya benki, kwa hivyo usiutegemee.

pwani_tulivu
Asanteni. Jambo moja sikulitaja: mwajiri wa zamani alikuwa akikata HELB kwenye mshahara, na hati za mshahara ninazo. Kwenye taarifa sioni malipo hayo.

karani_wa_daftari
Hilo ndilo lishughulikie mwanzo, kabla ya barua ya faini, kwani linagusa hesabu yote. Panga hati mwezi kwa mwezi kwenye jedwali: mwezi, kiasi kilichokatwa, kiasi kilichoonekana HELB. Kisha muombe mhasibu wa kampuni ile uthibitisho wa malipo pamoja na orodha ya majina iliyoambatana nao. Mara nyingi fedha zilifika lakini namba ya kitambulisho ilikosewa tarakimu moja, zikaingia kwa mtu mwingine au zikabaki bila mwenyewe. Kama hazikupelekwa kabisa, wasilisha malalamiko HELB na nakala za hati. Aliyekatwa hapaswi kutozwa faini ya miezi hiyo, na mwajiri ndiye wa kubanwa. Hati halisi zisitoke mikononi mwako.

sheria_kwa_ufupi
Wakati huohuo peleka pingamizi la maandishi kwa kila CRB yenye salio hilo, ili ripoti iwekwe alama kwamba taarifa inabishaniwa. Sacco ikiiona itajua kuna mzozo wa hesabu.

Ukimaliza deni, dai cheti cha HELB cha kutodaiwa, subiri taarifa mpya zifike CRB, ndipo uombe cheti cha CRB. Ukiwa bado unalipa, HELB hutoa cheti cha kuonyesha unatimiza makubaliano, nacho huwasaidia wengi kwenye maombi ya kazi. Kwa Sacco, waulize kama wanakikubali. Jua pia kwamba kulipa hakufuti historia: rekodi ya kuchelewa hukaa miaka 5 tangu siku deni lilipomalizwa, ila akaunti inasoma imelipwa.

pwani_tulivu
Na nikikopa kwenye programu za simu nilipe HELB kwa mkupuo?

karani_wa_daftari
La. Hapo unabadilisha deni la asilimia 4 kwa mwaka na la zaidi ya hiyo kwa mwezi, na ukichelewa jina linarudi palepale.